Jinsi ya kuunganisha deki, king'amuzi au simu kwenye televisheni kwa usalama

Je, umenunua televisheni ya mtumba sokoni, umeletewa deki ya DVD na ndugu, au kikundi chenu kimepata vifaa vya kuonyeshea video za mafunzo? Makala hii inakueleza namna ya kuviunganisha hatua kwa hatua. Imeandikwa kwa ajili ya wakimbizi na jamii wenyeji wanaoishi makambini, makazini na katika vijiji vya jirani nchini Kenya, Uganda na Tanzania.

Kazi yenyewe si ngumu, na mara nyingi huhitaji fundi. Lakini watu wengi hupoteza pesa kwa kununua waya usiofaa, na wengine huunguza kifaa siku ya kwanza kwa kukichomeka kwenye umeme usiolingana nacho. Baya zaidi ni plagi isiyolingana na soketi au nguzo ya antena iliyosimamishwa chini ya nyaya za umeme, kwa sababu hayo yanaweza kuua mtu. Kwa hiyo tunaanza na umeme, kisha nyaya.

Maneno hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Wengine husema dekoda, wengine king'amuzi. Wengine husema dishi, wengine ungo. Hapa tutatumia king'amuzi na dishi. Deki ni mashine ya kuchezea DVD au kanda za video.

Kwanza: angalia umeme

Kabla ya kuchomeka chochote, geuza kifaa na usome kibandiko kilicho nyuma au chini yake. Tafuta namba iliyoandikwa pamoja na herufi V, yaani volti.

- Kikiandikwa 100-240V, kifaa kinaweza kutumia umeme wa nchi zote za ukanda huu.
- Kikiandikwa 220V, 230V au 240V, kinafaa pia. Umeme wa gridi nchini Kenya na Uganda ni volti 240, na Tanzania ni volti 230.
- Kikiandikwa 110V au 120V peke yake, usikichomeke. Kifaa hicho kimetengenezwa kwa ajili ya nchi kama Marekani. Ukikichomeka hapa kitaungua mara moja, na kinaweza kushika moto. Kinahitaji transfoma ya kupunguza umeme.
- Kikiandikwa 12V DC, kinatumia betri au adapta yake. Usikiunganishe moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani.

Angalia pia plagi. Kenya na Uganda hutumia plagi ya pini tatu za mstatili, na hiyo ndiyo utakayoikuta sana Tanzania pia. Kifaa kilichotoka Kongo au Burundi mara nyingi huwa na plagi ya pini mbili za mviringo. Wengi hutumia ujanja wa kusukuma kijiti, kalamu au msumari kwenye tundu la juu la soketi ili matundu ya chini yafunguke, kisha hulazimisha pini mbili ziingie. Usifanye hivyo. Msumari au waya unaweza kukupiga shoti. Hata ukitumia kijiti, pini hazishiki vizuri. Zinalegea, zinatoa cheche na kupata joto, na katika nyumba ya turubai, miti au nyasi hicho ni chanzo cha moto. Nunua adapta ya plagi, au mwombe fundi abadilishe plagi na kuweka yenye fyuzi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na hasara ya nyumba.

Usichomeke ekstensheni moja ndani ya nyingine. Ukigusa plagi au soketi na kuikuta ya moto, zima kila kitu na utafute sababu kwanza.

Pili: tambua matundu ya nyuma

Geuza televisheni na deki, uangalie matundu. Karibu kila mara utakuta maneno haya ya Kiingereza: IN maana yake ni kuingia, na OUT ni kutoka. Kwenye vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Kifaransa utaona ENTRÉE na SORTIE. Kanuni ni moja: picha na sauti hutoka kwenye deki au king'amuzi (OUT) na kuingia kwenye televisheni (IN). Ukiunganisha OUT na OUT, hutaona kitu.

Matundu unayoweza kukutana nayo ni haya:

- Matundu matatu ya mviringo ya rangi, yanayoitwa AV. La njano ni la picha. Jeupe ni sauti ya kushoto, na jekundu ni sauti ya kulia.
- Matundu matano ya rangi. La kijani, la bluu na jekundu la kwanza ni ya picha peke yake. Jeupe na jekundu la pili ni ya sauti. Angalia vizuri, maana kuna mekundu mawili na kazi zake ni tofauti.
- HDMI. Ni tundu bapa, upande mmja mpana kidogo kuliko mwingine. Linapitisha picha na sauti kwa waya mmoja.
- VGA. Lina vitundu 15 katika safu tatu, na skrubu pembeni. Linatoka kwenye kompyuta, na hupitisha picha tu. Sauti lazima ipite kwenye waya wake.
- Tundu kubwa la pini 21, linaloitwa SCART. Asili yake ni Ufaransa, na utalikuta kwenye televisheni na deki za zamani zilizotoka Ulaya.
- Tundu la antena. Ni la mviringo, lina kitundu kimoja katikati.
- USB. Ni kwa ajili ya flashi, na kwenye televisheni nyingi hutoa pia umeme mdogo wa volti 5.

Ukishajua televisheni yako ina matundu gani, yaandike kwenye karatasi au yapige picha kwa simu kabla ya kwenda sokoni kununua waya. Muuzaji hawezi kukisia, na waya ukishafunguliwa mara nyingi haurudishwi.

Kuunganisha deki kwa nyaya tatu za rangi

1. Zima televisheni na deki, na uchomoe plagi zote mbili.
2. Chomeka kichwa cha njano kwenye VIDEO OUT ya deki. Upande wa pili uchomeke kwenye VIDEO IN ya televisheni.
3. Chomeka cheupe na chekundu kwenye AUDIO OUT ya deki, kisha kwenye AUDIO IN ya televisheni, rangi kwa rangi.
4. Sukuma kila kichwa mpaka kikae imara. Kichwa kilicholegea huleta mngurumo na picha inayokatika.
5. Chomeka plagi za umeme, uwashe televisheni kwanza, kisha deki.
6. Kwenye rimoti ya televisheni tafuta kitufe kilichoandikwa SOURCE, INPUT au AV. Kibonyeze, uchague AV. Kama kuna AV1 na AV2, chagua namba ya matundu uliyotumia.
7. Weka DVD na usubiri picha.

Hatua ya sita ndiyo husahauliwa zaidi. Watu wengi hudhani deki imekufa, kumbe televisheni bado inasubiri picha kutoka kwenye antena. Kama huna rimoti, tafuta kitufe cha SOURCE pembeni au chini ya televisheni.

Kwenye televisheni nyingi mpya hutaona tundu la njano. Angalia tundu la kijani: kama limeandikwa VIDEO au limezungushiwa rangi ya njano na kijani, basi waya wa njano unaingia hapo. Televisheni nyingine nyembamba zina kitundu kidogo kama cha spika za masikioni kilichoandikwa AV IN. Hicho hutumia waya maalumu uliokuja na televisheni. Wanaotengeneza hawafuati mpangilio mmoja, kwa hiyo waya wa televisheni nyingine unaweza kukupa sauti bila picha.

Kama televisheni ni ya zamani sana na ina tundu la antena peke yake, deki ya DVD haiingii moja kwa moja. Deki ya kanda za VHS inaweza kukusaidia: unganisha DVD kwenye AV IN ya deki ya kanda, kisha upeleke waya wa antena kutoka RF OUT yake hadi kwenye televisheni. Weka deki ya kanda kwenye AV, na uitafute kwenye chaneli za televisheni kama unavyotafuta kituo.

Kuunganisha kwa HDMI

Kama vifaa vyote viwili vina HDMI, tumia hiyo. Waya ni mmoja, picha ni safi, na hakuna rangi za kuchanganya. Chomeka taratibu huku ukilinganisha umbo. Usilazimishe, kwa sababu pini za ndani ni nyembamba na zikipinda tundu zima linaharibika. Kisha chagua HDMI 1 au HDMI 2 kwa kitufe cha SOURCE.

Kwa matumizi ya nyumbani, waya wa mita 1.5 hadi 3 unatosha. Ukinunua mrefu sana wa bei ya chini, picha inaweza kukatikakatika.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Sokoni kuna waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande mwingine. Kwa kawaida waya huo peke yake hautakuonyesha picha, kwa sababu HDMI hupitisha taarifa za kidijitali na nyaya za rangi hupitisha za analogi. Lazima kuwe na kisanduku cha kubadilisha katikati, chenye umeme wake wa volti 5. Visanduku hivi viko vya aina mbili na havigeuziki:

- HDMI kwenda AV: kwa king'amuzi kipya na televisheni ya zamani.
- AV kwenda HDMI: kwa deki ya zamani na televisheni mpya.

Taja aina unayoitaka kwa maneno hayo, na uombe ijaribiwe dukani kabla ya kulipa.

King'amuzi, antena na dishi

Nchi za ukanda huu zimeacha matangazo ya analogi. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa analogi katika nchi nyingi za Afrika na Ulaya. Tanzania ilianza kuzima mitambo yake tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya na Uganda zilifuata mwaka 2015. Ndiyo maana televisheni ya zamani ikiunganishwa na antena peke yake huonyesha chenga tu. Haijaharibika. Inahitaji king'amuzi.

Televisheni mpya inaweza kuwa na king'amuzi ndani yake. Tafuta alama DVB-T2 kwenye boksi au kibandiko. Kama ipo, chomeka antena moja kwa moja kwenye televisheni na utafute vituo.

Ving'amuzi vya nje ni vya aina mbili. Cha antena huandikwa T2, na cha dishi huandikwa S2. Cha antena hakifanyi kazi na dishi, wala cha dishi hakifanyi kazi na antena. Tena king'amuzi cha kampuni moja ya kulipia kwa kawaida hakifungui vituo vya kampuni nyingine. Ukinunua cha mtumba, hakikisha kinawaka na kadi yake ipo, na muuzaji akuonyeshe kwamba hakijafungiwa.

Kuunganisha: waya wa antena au dishi unaingia kwenye king'amuzi. Kisha HDMI au nyaya tatu za rangi zinatoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye televisheni. Kama antena yako ina kikuza mawimbi kinachohitaji umeme, washa umeme wa antena wa volti 5 kwenye mipangilio ya king'amuzi.

Muhimu: usisimamishe nguzo ya antena karibu na nyaya za umeme. Fikiria nguzo ikianguka. Je, itagusa waya? Kama jibu ni ndiyo, tafuta mahali pengine. Nguzo ya chuma ikigusa waya wa umeme, anayeishika anaweza kufa papo hapo. Usipande juu ya paa wakati wa mvua au upepo. Radi zikianza kusikika, usishike waya wa antena. Njia salama ni kuchomoa antena na plagi mapema, mawingu mazito yanapojikusanya.

Flashi na simu

Kama televisheni ina USB, unaweza kucheza video bila deki. Chomeka flashi, chagua USB au MEDIA, na ufungue faili. Flashi ikisomeka lakini video isifunguke, huenda televisheni haielewi aina ya faili. Faili za MP4 ndizo hukubaliwa na televisheni nyingi. Kumbuka pia kuwa flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja inayofikia GB 4 au zaidi.

Kwa simu kuna njia mbili. Ya kwanza ni waya au adapta ya kutoka tundu la kuchaji kwenda HDMI. Si kila simu inayoweza kutoa picha kwa waya, na simu nyingi za bei nafuu haziwezi hata kama kichwa kinaingia vizuri. Ijaribu na simu yako mwenyewe kabla ya kununua. Njia ya pili ni kurusha picha bila waya kwenda kwenye televisheni ya kisasa. Kuonyesha video iliyomo ndani ya simu kwa njia hiyo hakuhitaji kununua bando, lakini filamu ya kwenye intaneti hula bando kama kawaida.

Kifaa ulicholetewa kutoka nje

Familia nyingi zina ndugu waliohamishiwa Marekani, Kanada au Ulaya, na baadhi hutuma vifaa. Zungumza nao kabla hawajatuma. Mambo manne huleta shida:

- Volti. Tumeyaeleza hapo juu. Waombe wapige picha kibandiko cha nyuma.
- Antena. Televisheni ya Marekani hupokea mfumo wa ATSC, haipokei DVB-T2. Itafanya kazi kwa HDMI, lakini utalazimika kununua king'amuzi.
- Rangi. Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia mfumo wa rangi wa PAL. Marekani ilitumia NTSC, na Kongo na Burundi zilitumia SECAM. Mifumo isipolingana, picha huwa nyeusi na nyeupe au inazunguka. Vifaa vingi vipya huelewa mifumo zaidi ya mmoja, lakini vya zamani mara nyingi huelewa mmoja tu.
- Kanda za DVD. DVD za asili huwekewa namba ya eneo. Marekani na Kanada ni eneo la 1, Ulaya Magharibi ni la 2, na sehemu kubwa ya Afrika ni la 5. Deki ikikataa DVD na kuonyesha ujumbe wenye neno REGION, sababu ndiyo hiyo. Deki yenye alama ya ALL au 0 hucheza zote.

Ukikwama: tatizo na suluhisho

Hakuna picha wala sauti, lakini taa zinawaka. Bonyeza SOURCE na upitie machaguo yote moja baada ya jingine, ukisubiri sekunde chache kila mara. Kisha hakikisha OUT imeenda IN.

Sauti ipo, picha hakuna. Waya wa njano umelegea, umekatika ndani au uko kwenye tundu lisilo lake. Ubadilishane na mweupe kwa muda: nyaya hizi tatu zinafanana ndani, zinatofautiana rangi tu. Picha ikitokea, waya wa njano ndio mbovu. Pia deki inaweza kuwa imewekwa kutoa picha kwenye matundu ya kijani, bluu na jekundu. Tafuta kitufe cha V-MODE kwenye rimoti ya deki na ukibonyeze mara kadhaa.

Picha ipo, sauti hakuna. Ongeza sauti na uangalie alama ya MUTE. Kwa HDMI, nenda kwenye mipangilio ya sauti ya deki na uchague PCM.

Picha ni nyeusi na nyeupe. Sababu ni mbili. Ama waya wa njano uko kwenye tundu la kijani huku televisheni imewekwa COMPONENT, na suluhisho ni kuchagua AV. Ama mfumo wa rangi haulingani. Bonyeza P/N au PAL/NTSC kwenye rimoti ya deki.

Mngurumo mzito kwenye spika. Kaza vichwa vya nyaya, na usizipitishe sambamba na waya wa umeme.

DVD inakwama. Ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Vumbi letu ni kali: funika deki kwa kitambaa ikiwa imezimwa, na ukifunue kabla ya kuiwasha.

Televisheni ya zamani yenye mgongo inahitaji kufunguliwa. Usiifungue. Ndani yake hubaki umeme wa nguvu kubwa hata baada ya kuchomolewa. Mpelekee fundi.

Kama unatumia sola na betri

Swali kubwa hapa ni hili: utaangalia kwa muda gani kabla taa za nyumba hazijazimika? Unaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Soma wati kwenye kila kifaa. Tuseme televisheni ni wati 40 na deki ni wati 15. Jumla ni wati 55. Inveta nayo hula sehemu yake, kwa hiyo betri itatoa kama wati 65.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 (12 mara 100). Kama ni betri ya asidi, usitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Zinabaki wati-saa 600. Gawanya kwa 65, unapata muda wa saa 9 hivi.

Lakini betri lazima ijae tena kesho. Paneli ya wati 100, kwa siku yenye jua zuri, hurudisha kama wati-saa 300 hadi 400 baada ya upotevu. Kwa hiyo kila siku una saa 5 hivi za televisheni na deki, na hapo hujachaji simu wala kuwasha taa. Siku ya mawingu, punguza. Ukizidisha kila siku, betri itashuka kidogo kidogo, na mwishowe watoto watakosa taa ya kusomea.

Mambo ya kuzingatia:

- Nyekundu ni chanya (+), nyeusi ni hasi (-). Ukizigeuza unaweza kuunguza inveta au televisheni papo hapo. Angalia mara mbili kabla ya kugusisha.
- Inveta huunganishwa kwenye betri yenyewe kwa nyaya nene na fupi, pamoja na fyuzi upande wa chanya. Usiiunganishe kwenye matundu ya taa ya kidhibiti chaji. Inveta ya wati 300 inaweza kuvuta zaidi ya ampea 25, na kidhibiti kidogo hakiwezi kubeba hizo.
- Televisheni ya 12V DC haihitaji inveta na huokoa umeme. Lakini betri inapochajiwa volti zake hupanda na kupita 14. Hakikisha kibandiko kinaruhusu, au tumia kidhibiti volti.
- Weka betri ya asidi mahali penye hewa, mbali na jiko na mahali pa kulala. Inapochaji hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Kama unapata umeme wa gridi au wa jenereta, chomoa vifaa umeme unapokatika. Unaporudi huweza kuja na nguvu ya ghafla. Subiri dakika chache, kisha uchomeke.

Kabla ya kutumia na watu wengi

Kama mnaonyesha video kanisani, msikitini, shuleni au kwenye kikundi, weka televisheni juu ya meza pana isiyoyumba, nyuma kabisa ya kingo. Televisheni ya zamani ni nzito mbele, na ikimwangukia mtoto inaweza kumuua. Pitisha nyaya ukutani, si katikati ya watu. Acha njia ya kutokea wazi.

Ukitaka kufungua kibanda cha video cha kulipia, uliza kwanza viongozi wa eneo na ofisi ya kambi au makazi kuhusu vibali. Nchini Kenya, bodi ya KFCB ndiyo husimamia na kutoa leseni za kuonyesha filamu kwa umma.

Kazi ya kuvuta umeme ndani ya nyumba au kutoka kwenye nguzo si yako wala ya jirani mwenye ujuzi wa kubahatisha. Mwite fundi mwenye leseni. Nchini Kenya leseni hizo hutolewa na EPRA, Uganda na ERA, na Tanzania na EWURA. Una haki ya kumwomba akuonyeshe.

Mtu akipigwa na umeme

Usimguse akiwa bado ameshika waya. Utanaswa pia.

1. Zima swichi kuu au chomoa plagi.
2. Kama haiwezekani, simama juu ya kitu kikavu na umsukume mbali na waya kwa mti mkavu. Usitumie chuma wala kitu chenye maji. Kama ni waya wa nguzo kubwa, usisogee kabisa. Zuia watu na piga simu kwa shirika la umeme.
3. Akishaachana na umeme, piga kelele za msaada na uangalie kama anapumua. Kama hapumui, anayejua aanze kumsukuma kifuani mara moja huku wengine wakitafuta usafiri.
4. Mpeleke kituo cha afya hata kama anasema yuko sawa. Umeme unaweza kuumiza moyo bila kuacha alama kwenye ngozi.

Orodha ya haraka unaponunua mtumba

- Kibandiko cha volti kinasomeka, na kinalingana na umeme wako.
- Kifaa kimewashwa mbele yako kwa dakika 10 au zaidi, kikitoa picha na sauti.
- Rimoti ipo na vitufe vyake vinafanya kazi, hasa SOURCE.
- Tundu la HDMI au la AV limejaribiwa kwa deki, si kwa maneno.
- Waya wa umeme haujachunwa wala kufungwa kwa gundi ya karatasi.
- Umepewa risiti yenye jina na namba ya simu ya muuzaji. Itakusaidia kifaa kikiharibika, na pia ukiulizwa ulikipata wapi.

Mfundishe na mwingine nyumbani, hasa anayebaki na watoto mchana. Ajue angalau mambo mawili: namna ya kuzima kila kitu kwa haraka, na kwamba picha isipotokea, kitu cha kwanza ni kitufe cha SOURCE, si kufungua mgongo wa televisheni.